Kizibo cha Gobori la Babu

Koo nyingine zilirithi ng'ombe. Nyingine zilirithi shamba la kahawa, au cheo kanisani, au angalau kitanda cha mbao nzuri. Sisi tulirithi gobori. Bunduki moja ndefu, nyeusi, nzito, isiyojua risasi ya dukani ni nini, inayolishwa kwa mdomo kama mtoto mgonjwa. Unamimina baruti mdomoni mwa mtutu, unafuatisha tambara, unafuatisha chuma, halafu unashindilia kwa fimbo ndefu inayoitwa mdeki. Wakati huo adui yako, kama ni muntu aliyelelewa vizuri, atakuwa amekaa pembeni anakungoja umalize.

Mimi ni fundi wa kuchomelea vyuma, hapa Kamembe. Milango, madirisha, vitanda, mageti, na viti vya moto, yaani pikipiki, vilivyovunjika. Ni mwanamke, ndiyo, na nimechoka kuulizwa. Nilizaliwa ng'ambo, Bukavu, upande wa Kongo, tukarudi Rwanda na wazazi wangu nikiwa msichana, ndiyo maana Kinyarwanda changu kinachekwa sokoni na Kiswahili changu kinachekwa na wale wanaosikiliza redio za pwani. Basi niachieni chuma. Chuma nakijua. Na kila nilipoliangalia gobori la babu kwa macho ya kazi, nilishangaa kwamba ukoo wetu bado upo.

Tazama lilivyotengenezwa. Mtutu ni bomba, na bomba lina pande mbili wazi. Bunduki inataka upande mmoja tu. Kwa hiyo ule wa nyuma, pale pale unapoegesha shavu na jicho, fundi fulani wa Kabare aliuziba kwa bolti ya lori. Sitanii. Bolti ya lori, iliyokazwa kwa nyuzi zake tano au sita, kichwa kikakatwa kwa msumeno ili aibu isionekane. Baruti ikiwaka, nguvu yote inatafuta mlango. Mbele kuna risasi, nyuma kuna ile bolti, na nyuma ya bolti kuna sura ya baba yangu. Wahunzi wa zamani walikuwa na imani kubwa sana, hasa kwa sababu si wao waliofyatua.

Na moto je? Moto uko nje, baruti iko ndani, katikati kuna ukuta wa chuma. Walichofanya ni kutoboa kitundu kimoja ubavuni, karibu na kizibo, kitundu cha kupita sindano ya magunia. Nje ya kitundu wakaweka kisahani kidogo, kifa chenyewe, cha kuwekea baruti ya kuonja. Juu yake kuna kinyundo kilichouma jiwe la gumegume. Ukivuta, jiwe linakwaruza chuma, cheche zinaanguka kisahanini, kisahani kinawaka, moto unajipenyeza tunduni, na baruti ya ndani inapata habari. Hiyo ni siku ambayo kila kitu kimeamka na nia njema. Siku za kawaida jiwe limelegea, au upepo umekula kisahani, au tundu limejaa masizi, au mvua imegeuza baruti kuwa uji. Hapo unavuta, kinasema cha, na basi. Umemjulisha mwizi mahali uliposimama.

Lakini sisi kwetu hakuna aliyejali hayo, kwa sababu gobori lilikuwa na hadithi, na hadithi ndiyo ilikuwa mali yenyewe.

Papa, yaani baba yangu, aliisimulia hivi. Tulikuwa bado tunakaa kwenye kilima juu ya Bukavu. Asubuhi moja ya mvua kubwa, wezi wanne wenye mapanga wakaingia uani. Gobori lilikuwa limeshindiliwa tangu jana yake kwa ajili ya nyani waliokuwa wanamaliza mahindi. Papa akalishusha ukutani, akasimama mlangoni, mama na sisi batoto nyuma yake, akafyatua. Mshindo, moshi, wezi wakaporomoka kilimani wakiacha kiatu kimoja cha plastiki kwenye matope. Majirani hawakusikia kitu kwa sababu mvua ilikuwa inapiga mabati. Mama, Mungu amrehemu, ndiye aliyetoka kuwapasha habari asubuhi ile ile, akiwa na kile kiatu mkononi.

Miaka ilivyokwenda wezi walizaana. Tulipovuka mpaka kurudi huku, gobori likiwa ndani ya mkeka uliofungwa pamoja na magodoro, walikuwa sita. Nilipoolewa walifika tisa na mmoja wao alikuwa na ndevu. Kukiwa na pombe ya ndizi ya Gashonga mezani, sikuthubutu kuhesabu.

Nilicheka, lakini nilielewa. Papa alikuwa fundi viatu maisha yake yote. Hakupata cheo, hakupata shamba la maana, nyumba yake ya Mururu, kilima jirani na Kamembe, ni vyumba vitatu na jiko lililoegemea mteremko. Lakini kilima chote kilimwita Mzee wa Gobori. Kwenye sherehe alipewa kiti cha mbele, na vijana wa harusi walimwinamia, kwa sababu ndiye mwanamume aliyesimama mlangoni. Ukimwondolea ile bunduki, anabaki mzee mwenye magoti mabovu na sindano ya viatu. Yeye alilijua hilo kuliko sisi.

Kilichotuangusha ni komunyo ya binti yangu. Tulifanyia sherehe kwa Papa, sebuleni, sambaza za kukaanga, wale dagaa wa ziwani, sombe ya majani ya muhogo, fanta, mambo yote. Wifi yangu, ambaye Mungu alimpa simu kabla ya kumpa akili, akawapanga batoto wote kwenye kochi akawapiga picha, na juu ya vichwa vyao, wazi kama msalaba, gobori la babu. Akaiweka kwenye status yake ya WhatsApp na maneno: familia ni ngome. Kabla keki haijakatwa, ngome ilikuwa imeonwa na kila muntu mwenye namba yake, pamoja na wale wanaolipwa kuona.

Jumatano Papa akaitwa kwenye ofisi ya serikali. Walimpokea vizuri, akapewa kiti, lakini waliyomwambia yalikuwa mafupi. Bunduki ni bunduki, hata kama imezeeka kuliko aliye nayo. Jumatatu iwe mikononi mwa polisi. Papa akaomba, akaeleza kwamba ni kumbukumbu ya baba yake, akasimulia hadithi, naamini wezi wa siku hiyo walikuwa angalau saba. Mwisho mmoja wao akamwonea huruma akasema kwamba labda, kama itafishwa kabisa, tundu lizibwe na nyuma ipigwe moto, yaani ichomelewe, isiweze kufanya kazi tena, polisi wakaikagua wakaridhika, labda inaweza kuachwa kama kitu cha utamaduni. Alisema labda mara mbili. Papa alisikia ndiyo mara mbili.

Akanipigia simu. Akasema nina kazi Jumamosi, baada ya umuganda, ile kazi ya pamoja ya asubuhi, nije na mashine ya kuchomelea.

Mashine ya siku hizi ni ndogo, unaibeba magotini juu ya moto. Nikafika Mururu saa saba mchana, nikakuta bunge limekaa. Papa alikuwa na rafiki zake wawili ambao hawakosekani penye jambo. Mmoja ni katekista mstaafu. Mwingine aliendesha malori barabara ya Bukavu mpaka macho yalipokataa. Viti vitatu kivulini, gobori limelazwa juu ya meza ya kulia chakula, limetandikiwa kitenge kama maiti ya mtu mashuhuri. Ziwa liko chini pale linang'aa, Bukavu ng'ambo inatutazama, na wazee watatu wananisubiri ili wanifundishe kazi yangu.

Katekista alishikilia kwamba ukiziba tundu tu, inatosha, kwa sababu moto ukikosa njia umekosa, kama dhambi ikikosa nafasi. Dereva akasema tundu si kitu, siri iko kwenye kizibo. Akalipapasa nyuma kwa kidole, akatikisa kichwa kwa heshima, akatangaza kwamba ile bolti imetoka kwenye kamio, lori la tani saba, na kwamba waliotengeneza kamio zile hawapo tena duniani. Wakabishana nusu saa kama bolti inashikilia baruti au baruti inashikilia bolti. Papa hakuingia. Kwa kawaida angekuwa ndiye mwenyekiti. Alikaa anaangalia ziwa kama aliyeagiza mtu ng'ambo.

Nikasema nitapiga moto pote pawili, tundu na kizibo, ili kesho mtu asiseme. Nikafungua vitu vyangu.

Sasa katika kazi yetu kuna sheria moja ambayo hata mlevi anaijua. Usichomelee kitu kilichofungwa bila kujua ndani kuna nini. Tenki, pipa, bomba, usiguse mpaka umelijua tumbo lake. Kuna fundi wa Kamembe alisahau hilo kwa pipa la petroli, akabaki hai, lakini nyusi zake zilikwenda na hazijarudi, na mpaka leo anaonekana kama mtu aliyepewa habari ya kushangaza. Mimi mwenyewe nawaimbia vijana wangu wa karakana wimbo huo kila asubuhi. Kwa hiyo nikauliza, kama fundi yeyote angeuliza, kama kuna kitu ndani.

Nani alijibu? Dereva. Alicheka, akaniuliza kama mimi si binti wa nyumba ile. Bunduki ililia siku ile ya wezi, nani asiyejua, na tangu siku hiyo haikulishwa tena, nyani wa Bukavu tuliwaacha Bukavu, na baruti Papa angeitoa wapi huku? Katekista akasema amina. Nami, fundi mwenye miaka yangu yote ya chuma, nikatikisa kichwa. Ilikuwa imepigwa, kwa hiyo ilikuwa tupu. Hadithi ya ukoo ndiyo ilikuwa cheti changu cha usalama. Nikikumbuka nataka kujipiga makofi.

Hata hivyo mkono una akili yake. Nikauliza mdeki uko wapi, Papa akasema ulipotea zamani. Nikachukua nondo nyembamba kwenye vitu vyangu, nikaipima kwa nje, kutoka mdomoni mwa mtutu mpaka kwenye kile kitundu, nikaweka alama ya chaki. Kisha nikaiingiza. Ikashuka vizuri, ikagota. Alama yangu ilikuwa bado nje, juu ya mdomo wa mtutu, shubiri nzima. Maana yake chini kule kulikuwa na kitu kimejaa shubiri nzima, pale pale nilipotaka kuweka moto.

Katekista akasema ni kiota cha nyigu, nyigu wanapenda mabomba. Dereva akasema si nyigu, ni udongo, nyumba za huku zinamwaga vumbi. Nikamgeukia mwenye mali.

"Papa, humu kuna nini?"

"Kutu," akasema.

Neno moja. Halikuwa na uzito wowote, alilisema kama mtu anayetaja siku ya wiki. Na mimi baba yangu hajawahi kunidanganya, ukiondoa wezi wanaoongezeka, ambao si uongo, ni ukarimu. Kutu basi. Bunduki ya zamani itakosaje kutu? Nikavuta waya mpaka dirishani, nikachomeka, nikabana waya wa pili kwenye mtutu, nikaweka bageti mpya, ile fimbo ya kuchomelea, kwenye koleo. Nikapiga goti mbele ya meza ili sura yangu iwe sawa na kizibo, kwa sababu weldi nzuri inatazamwa kwa karibu. Nikashusha maski.

Kwa asiyejua, maski ile ukiishusha huoni kitu. Kioo chake ni cheusi mpaka cheche ya kwanza iwake. Kuna pumzi moja au mbili unakaa gizani, mkono uko hewani, unatafuta mahali kwa kukumbuka. Nilikuwa katika pumzi hiyo. Nikateremsha bageti polepole, na badala ya chuma ikagusa kitu kingine.

Nikainua maski. Papa alikuwa ameweka mkono wake juu ya kizibo. Kiganja kizima kimekifunika, na bageti yangu ilikuwa imegusa ukucha wake. Sikujua kwamba magoti yale bado yanaweza kuinuka kwa haraka vile.

"Wacha, Mama," akasema. Wazee wa kwetu wanawaita mabinti zao Mama wakiwapenda sana au wakiogopa. "Iko na baruti ndani. Ile siku haikulia."

Nikazima mashine, nikachomoa waya dirishani, nikaupeleka mbali, mpaka karibu na jiko, kana kwamba umeme ungeweza kurudi wenyewe kumalizia kazi. Halafu hasira ikanipanda kutoka miguuni, na sitaficha, nilimpigia baba yangu kelele mbele ya rafiki zake, jambo ambalo binti wa kwetu hafanyi. Nilimuuliza miaka mingapi gobori lile limetundikwa juu ya vichwa vyetu limejaa. Juu ya kitanda changu kule Bukavu. Juu ya kochi la wajukuu. Juu ya binti yangu na gauni lake la komunyo! Alikuwa anajibu kila swali kwa kuinamisha kichwa, ndiyo, ndiyo, na hiyo pia, ndiyo.

Kisha akakaa, akaeleza, na kwa mara ya kwanza hadithi ilikuwa fupi.

Wezi walikuja kweli. Mvua ilikuwa kweli. Alisimama mlangoni kweli, na sisi nyuma yake kweli. Akavuta. Jiwe likapiga, cheche zikaanguka kwenye kisahani, na kwenye kisahani kulikuwa na uji. Kikatoka kimoshi kidogo kama cha sigara iliyotupwa kwenye maji. Akainua nyundo, akavuta tena. Cha. Wale bantu wakamwangalia, halafu mmoja akaanza kucheka, na wengine wakacheka, wakacheka mpaka mmoja akashika ukuta. Wakachukua mbuzi wote wawili, redio, na koti lake la harusi, bila haraka, wakaondoka wanacheka njia nzima. Hawakutugusa. Alisema anafikiri kicheko ndicho kilichotuokoa, kwamba huwezi kumkata mtu aliyekufurahisha kiasi kile.

Mama ndiye aliyeanza. Alipoona mume wake amekaa chini mlangoni na bunduki magotini, hawezi kuinuka, akatoka mvuani akawaambia majirani wamefukuzwa, amewapiga, wamekimbia. Alitaka tu kumpa siku moja ya kupumua. Lakini siku moja ikawa kilima kizima, na baada ya hapo Papa hangeweza kulifyatua ili kulitoa mzigo, kwa sababu majirani wangesikia mshindo, nao wangeuliza mbona ule wa kwanza hawakuusikia. Kuchokoa kwa mdeki aliogopa. Basi akautupa mdeki mtoni, akalitundika gobori mahali pake, na akaanza kusimulia.

Dereva alikuwa ameshika magoti yake. Akauliza, kwa sauti ya mtu anayeomba abakiziwe kitu, "Na kile kiatu?"

"Kilikuwa changu," Papa akasema.

Hapo ndipo mimi nikaonekana mjinga. Nilisema haiwezekani, kwa sababu mimi nilisikia. Na si kwamba nilitaka kumtetea, hasira ilikuwa bado ipo, ila nilisikia! Nimewasimulia wenzangu shuleni, nimemsimulia mume wangu, nimewasimulia batoto wangu. Masikio yangu yalilia siku mbili, harufu ya baruti ilikaa kwenye blanketi. Nilimwelezea Papa mshindo wenyewe ulivyokuwa. Akanisikiliza mpaka mwisho, kwa upole ulionikera kuliko uongo wote.

Akasema nilikuwa nimelala. Mama alikuwa amenibeba mgongoni, sikuamka hata walipocheka.

Katekista, ambaye kimya hakimkai, akakohoa akasema mficha maradhi kifo humuumbua. Dereva akamwambia kwamba yeye ndiye aliyesema nyigu, anyamaze. Wakaangaliana.

Nikawapigia polisi. Papa aliona nachukua simu na hakunizuia, ingawa alijua maana yake kuliko mimi. Gobori tupu lililopigwa moto lilikuwa na labda zake mbili. Gobori lenye baruti tumboni halina hata moja. Kama angeniambia asubuhi, kabla ya bunge, kwa kuninong'oneza jikoni, pengine angalau jina lingebaki. Lakini alisubiri mpaka hakuna njia nyingine, akalipa vyote viwili mara moja, bunduki na hadithi, mbele ya mashahidi ambao kilima kizima kinawategemea kwa habari.

Polisi wakaja wawili, wakatuondoa wote mpaka nyuma ya ua wa minyaa, ambako majirani walikuwa wamekwisha kujipanga. Wakamwaga maji mengi mdomoni mwa mtutu na kwenye kile kitundu, wakasubiri, wakalifunga kwenye kile kile kitenge, mdomo ukitazama chini mteremkoni. Mmoja alikuwa na karatasi ya kujaza. Aliuliza kwa adabu, akimwita Mzee, silaha ilipigwa mara ya mwisho lini. Kulikuwa na watu kama ishirini pale, na batoto juu ya mawe, na bwana mmoja ambaye kwenye harusi ya mwanae alimpa Papa kiti cha mbele. Papa angeweza kusema zamani. Zamani si uongo.

"Mikononi mwangu haijawahi kulia," akasema, na akarudia kwa Kinyarwanda ili iandikwe sawasawa.

Watu wakatawanyika wakizungumza kwa sauti ndogo, yaani ile sauti ndogo ya Mururu ambayo inasikika Kamembe. Katekista na dereva wakaaga. Dereva alimpa Papa mkono, akaushika muda mrefu kuliko kawaida, lakini hakusema tutaonana kesho kama anavyosema siku zote.

Nikabaki nakunja waya. Hasira yangu haikuwa imeisha, na niseme ukweli, kuna kipande bado ninacho. Nilimwambia alikuwa na siku tatu za kunipigia simu na kuniambia ukweli. Aliniacha nibebe mashine juu ya moto kutoka Kamembe, akaniacha nipime, nikamuuliza uso kwa uso akaniambia kutu. Nilitaka nijue alikuwa anafikiri nini, kwa sababu mimi nimemjua tangu nizaliwe na upande huo wake sikuwahi kuuona.

Alijibu kwamba alifikiri baruti imekufa. Miaka yote ile, na mvua yote ile, alijiambia imekuwa udongo, nitapiga moto wangu, hakuna kitakachotokea, atalirudisha ukutani na litazikwa naye likiwa na jina lake. Alikuwa amelihesabu hivyo tangu Jumatano, na kila alipolihesabu lilikubali.

Nikamuuliza kwa nini basi aliinuka.

Alikuwa anautazama ukucha wake, pale bageti ilipogusa.

"Ulishusha ile maski," akasema. "Sikukuona tena sura."